Mama Alipopiga Magoti Mbele ya Wageni

Jumanne, Mudhaibi

Wale wanawake wa Sinaw, mji wa jirani, waliokuja kumposa binti yangu Salma walikuwa wameshakunywa kahawa, wanacheka. Mama wa kijana akaniuliza taratibu, "Na mama yako, asili yake wapi?"

"Iringa," nikasema, nikamsogezea tende.

Hapo hapo pakaadhiniwa magharibi. Mama, ambaye siku hizi akili zake zimerudi utotoni, akapiga magoti zuliani akafanya ishara ya msalaba. Akaimba wimbo wa kanisa la walowezi wa Kizungu, kule shambani ambako babake alikuwa mpiga kengele wao. Tangu aolewe na baba, Mwarabu wa huku, ni Muislamu. Watoto wangu sikuwaambia hayo kamwe.

"Ana homa," nikasema. Wakaweka vikombe chini, wakaaga.

Ijumaa waje wanaume wao kukamilisha posa. Wasipokuja, nani tena atabisha hodi hapa? Wakija, nitamfungia mama chumbani, Mungu anisamehe, ila sauti yake inapenya mpaka—

Kaanza tena. Nimekwenda kumnyamazisha. Nimemkuta Salma amekaa naye kitandani, kamshika mkono, anaitikia wimbo. Maneno yote anayajua.