Mistari Kumi na Mmoja ya Jenerali

Chumba cha Sauti,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu King'ora,

Kwanza nakujulia hali. Mama ameniambia kwamba baridi ya huko ghalani unakofanya kazi imekuingia mgongoni, na kwamba siku hizi unalala na soksi mbili mbili. Pole sana. Natumaini barua hii itakukuta umepata nafuu, na kama hujapata, usijifanye chuma, nenda hospitali. Sisi huku hatujambo, kwa kiasi cha watu waliofiwa. Mama anakula, ingawa anakula akiwa amesimama. Jioni miguu inamvimba, lakini ukimwambia aketi anakujibu kuwa akiketi ataanza kufikiri.

Najua utashangaa. Siku hizi nani anaandika barua? Nimekupigia simu mara tatu tangu msiba, na mara zote tatu tumeishia kuulizana kama mvua imenyesha. Nililo nalo halisemeki kwenye simu. Ungekata kabla sijafika nusu, na mimi ningeshukuru ukate. Kwa hiyo nimeandika, na anayekuletea ni jirani yetu muuguzi, ambaye anasafiri Jumanne kumtembelea binti yake huko. Mpokee vizuri. Alimhudumia Baba kama baba yake mzazi.

Asante kwa maneno uliyotuma siku ya mazishi. Mtoto wa Mjomba aliyasoma, akakwama katikati, Shangazi akamalizia. Watu walikuja wengi, na wengine hatukuwajua kabisa. Walifuata sauti tu. Unakumbuka miaka ile Baba alipokuwa akisoma matangazo ya vifo redioni? Hata nyumbani akikuomba umpitishie chumvi ulishtuka, ukajiuliza ni nani tena ametutoka. Safari hii tangazo lilikuwa lake, na aliyelisoma alikuwa na haraka kama anayewahi basi. Baba angemrudishia karatasi aanze upya.

Nije sasa kwenye kazi, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mama anasema huko ulipo huitazami ile katuni yetu ya Kijapani. Mimi nasema unaitazama kwa kujificha. Kama kweli huitazami, basi jua kwamba tumeshaingiza sauti za Kiswahili sehemu sitini na tatu, na imebaki moja tu. Hadithi ni ile ile uliyoiacha: watu wakubwa wa zamani wanazaliwa upya katika miili ya watu wa kawaida, ili wapigane na viumbe wa angani wanaong'oa miji na mizizi yake. Malkia aliyejenga mji wa mawe amerudi akiwa fundi cherehani. Tabibu wa wafalme amerudi akiwa dereva wa lori. Jenerali, ambaye sauti yake ilikuwa ya Baba, amerudi akiwa mpishi wa shule, na anapigana na aproni kiunoni. Kila aliyerudi amesahau maisha yake yote ya kwanza isipokuwa jambo moja, kosa lake kubwa kuliko yote. Wanapigana wakiwa na hilo kichwani.

Kazi yenyewe bado ni ngumu vile vile. Mjapani anafungua mdomo kidogo tu na kuufunga, sisi bado tuko katikati ya kitenzi. Mwalimu, mtafsiri wetu, anakatakata sentensi mpaka anatokwa na jasho. Baba peke yake ndiye aliyekuwa anajua kuingiza maneno kumi mahali pa matano bila kukimbia. Watoto wa mtaani walikuwa wakimwona anatoka dukani wanasimama wima na kupiga saluti, naye anawajibu kwa ile sauti, wanatawanyika kwa furaha.

Sihitaji kukukumbusha siku ile, lakini lazima niitaje. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Ulipewa nafasi ya Mpiga Tarumbeta, mwana wa Jenerali, yule ambaye katika maisha ya kwanza aliomba ruhusa ya kupiga tarumbeta ili jeshi lirudi nyuma, na baba yake akamkatalia, na daraja likaanguka nao. Ulisoma mistari minne. Baba akavua hedifoni, akasema mbele ya watu wote, "Huyu si mwigizaji. Huyu ni kipaza sauti kilichovaa suruali." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa kwenye mitambo, na ukweli ni kwamba nami nilitabasamu. Uliweka karatasi juu ya kiti, ukatoka, na baada ya miezi miwili ulikuwa umeshasafiri. Ni miaka sita sasa.

Mapafu yalipomshika, Baba hakukubali kuacha kazi. Daktari alimpa mashine ya kupumulia, akawa anaiacha nje ya mlango pamoja na viatu, kwa sababu unajua alivyokuwa: kwenye kibanda cha kurekodia aliingia peku. Alichora vistari vyake vya penseli kwenye mswada, kila mahali pa kuvuta pumzi kistari kimoja. Zamani ukurasa ulikuwa na vistari vitano au sita. Mwishoni ulikuwa umejaa vistari kama uzio.

Alimaliza sehemu ya sitini na tatu. Katika ile ya mwisho Jenerali ana mistari kumi na mmoja tu. Amesimama langoni peke yake ili wenzake wapite, na mwanawe aliyezaliwa upya yuko juu ya ukuta na tarumbeta mkononi. Baba hakuifikia.

Mistari hiyo imekuwa shughuli. Mama Saa, unamkumbuka, yule msimamizi wetu anayetazama saa yake hata ikiwa imesimama, ameleta fundi wa kompyuta. Wakailisha kompyuta rekodi zote za sauti ya Baba, nayo ikatoa Jenerali. Ni yeye, King'ora. Sauti ni yake kabisa, mpaka nywele zilinisimama. Tukamwita Mama aje asikilize kwa sababu bila saini yake haiwezi kutumika. Alisikiliza mara mbili, mkoba ukiwa mapajani. Kisha akasema, "Huyu hachoki. Baba yenu akifika mwisho wa sentensi alikuwa anachoka kidogo."

Mama Saa akamwambia kwamba fundi anaweza kuongeza uchovu. Mama akafunga zipu ya mkoba. Akasema, "Nina mtoto mwenye sauti hiyo hiyo. Akikataa yeye, nitasaini, maana Jenerali hawezi kukaa kimya siku ya mwisho." Tumepewa mpaka mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo ombi ni hilo. Mama alitaka nikuombe kwa simu, nikamwambia nitakuandikia. Lakini ombi la Mama ni nusu tu ya barua hii. Nusu nyingine hata yeye haijui.

Siku ya mwisho ya Baba kurekodi, Mama Saa alikuwa ametoka kupokea simu. Baba alikuwa kibandani, mimi kwenye mitambo, taa nyekundu bado inawaka. Nikamwambia apumzike, mistari iliyobaki tutaimalizia wiki ijayo. Akatikisa kichwa. Akasogea kwenye kipaza sauti kama vile anasoma, akasema, "Hii iliyobaki mpe King'ora. Siku ile alisoma vizuri kuliko mimi. Ndiyo maana nilimsimamisha." Akavuta pumzi ndefu, akaongeza, "Mwambie nimesema." Halafu akatoka kutafuta viatu vyake.

Maneno hayo yalirekodiwa. Hayapo tena. Niliyafuta mimi.

Unajua sheria ya kazi yetu. Kabla ya kuhifadhi unafagia: kikohozi, mlio wa kiti, "hebu turudie", kila kisichokuwa kwenye mswada kinatoka. Nimefagia hivyo kwa miaka kumi na minne, na mkono unafanya wenyewe huku nazungumza na watu. Kwa hiyo nilipoanza kujitetea moyoni nilisema ni mazoea. Nilijiambia hivyo kila siku mpaka juzi, nilipokuwa nakunja mashati ya Baba, nikaona siwezi tena.

Hayakuwa mazoea. Niliyasikia maneno yote. Niliyaona kwenye skrini, vilima vinne vidogo vya sauti vimeachana. Nikayachagua, nikayafuta, kisha nikaenda kwenye nakala ya akiba nikayafuta na huko. Nakala ya akiba haifagiwi kwa mazoea, King'ora. Inabidi uifuate.

Nilikuonea wivu. Miaka sita mimi ndiye niliyempeleka hospitali na kumkatia kucha. Nilisikiliza pumzi zake masikioni mwangu siku baada ya siku, mpaka nikajua ipi ni ya Jenerali na ipi ni ya ugonjwa. Hajawahi kuniambia nimefanya vizuri. Labda aliona hakuna haja, mimi nipo. Halafu siku anapoamua kumsifu mtu, anamsifu aliye mbali, tena ananituma mimi nipeleke. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilidhani wanasema juu ya watu wengine.

Sasa sina ushahidi. Sina cha kukutumia ubonyeze usikie. Una neno langu tu, na ni neno la mtu ambaye amekuficha jambo hili kwa siku arobaini na mbili. Ukiamua kutoniamini, ni haki yako, wala sitamwambia Mama kwamba ulikosea. Yeye nitamweleza mwenyewe nikishapata habari kwamba barua imekufikia. Nimeona uanze kujua wewe, kwa kuwa mali iliyoibwa ilikuwa yako.

Ndani ya bahasha kuna mswada wake wa sehemu ya mwisho. Alikuwa ameshaupitia nyumbani kwa penseli, vistari vyote vipo. Havilingani na pumzi zake za mwishoni. Ni vichache, ni vya mtu mwenye mapafu mazima. Mwalimu alipouona alisema Mzee amekosea. Mimi niliukunja nikautia kwenye bahasha yako.

Mstari wa kumi na moja sikutaka uukute ghafla, kwa hiyo nauandika hapa. Jenerali anamtazama yule kijana juu ya ukuta, anamwambia, "Piga, mwanangu. Safari hii nasikiliza." Mdomo wake unafungwa mapema sana pale, kwa hiyo usivute neno la mwisho.

Ukikubali, huna haja ya studio. Huko mna makoti mengi. Ingia kabatini, funga mlango, yaache makoti yakuzunguke pande zote. Hakuna kibanda kizuri kuliko hicho, na mgongo utapata joto. Usinisafishie chochote. Nitumie kila kitu tangu unapofungua mlango wa kabati, na kikohozi chako na matusi yako kama yatakuwapo. Ukikataa, nitumie neno moja tu, na Mama atasaini.

Shangazi anakusalimu na anauliza kama umepata mtu wa kukupikia. Usimjibu vibaya, ni uzee. Mtoto wa Mjomba anasema hajasahau kuwa una viatu vyake. Mwalimu anakusalimu sana, naye bado anasema yeye hakucheka siku ile, na nadhani ni kweli. Mama hatumi salamu kwa barua, anasema atakusalimu mwenyewe. Mungu akulinde huko kwenye baridi, akupe usingizi, na akufungulie njia ya kurudi nyumbani siku utakayotaka mwenyewe.

Nilikuwa nimeshaikunja barua, nimeikunjua tena. Kuna jambo nimeliruka kwa makusudi.

Wiki moja kabla hajafariki, Baba aliamka mchana, nikiwa namnywesha maji kwa kijiko. Akaniuliza, "Umemwambia?" Nikasema, "Nimemwambia, Baba." Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akayafumbua, akauliza, "Kasemaje?"

Nikamwambia, "Kasema sawa."

Akaitikia kwa kichwa, kama afanyavyo mtu aliyepokea mzigo aliokuwa akiusubiri, akalala. Hakuuliza tena. Ameondoka na jibu hilo, na si jibu lako, ni langu. Sijui ungesema nini. Nami nangoja kujua.

Dada yako akupendaye, hata siku ile nilipokudhulumu,

Dada