Mkono wa Zuhura kwenye sinia

Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri na jioni hii imepumzika kidogo. Nguo zangu zinanuka pweza kama kawaida, lakini moyo mwepesi, alhamdulillahi.

Kwa asiyetujua, sisi wanawake tunafanya kazi kwenye banda la pweza hapa Kilindoni. Tunawasafisha na kuwapanga kwenye barafu wasafirishwe. Mdogo wetu ni Zuhura, binti wa kisiwa cha Bwejuu, mcheshi, mikono miepesi. Mikono hiyohiyo imetoka mabaka meupe. Daktari kamwambia ni mbalanga tu, ugonjwa usioambukiza.

Msimamizi wetu, Bwana Seif, akaanza kumwita Pundamilia. Wiki iliyopita akamtoa mezani kabisa, akampeleka nje kuosha makreti. Eti wateja watakimbia.

Tangu siku hiyo Zuhura akawa anakula peke yake, amekalia ndoo, bakuli mapajani. Jana akaniambia, "Shangazi, Ijumaa naondoka. Bora nirudi kwetu."

Sikulala vizuri.

Sasa, sisi hula sinia moja. Mkubwa ndiye humega samaki na kumwekea kila mtu kipande upande wake. Mkubwa ni mimi, kwa umri na kwa mwili pia. Leo wali ulipoletwa nikamwita Zuhura.

"Kaa hapa mwanangu. Leo mega wewe, mimi kidole kimechomwa na mwiba."

Kidole changu kizima. Mola anisamehe.

Akaitazama mikono yake. Akanawa, akanawa tena. Hapo ndipo nilipoona haya, maana sikumuuliza kwanza kama anataka kutazamwa hivyo. Akammega yule samaki, changu mkubwa, taratibu, kila mmoja na kipande chake. Hakuna aliyekula. Wote wakamwangalia Mwanaidi, ambaye ulimi wake tunauogopa kuliko visu vyetu.

"Zuhura, kichwa umempa nani? Mla kichwa hapa ni mimi."

"Kichwa cha shangazi, dada. Wewe ulimi unao tayari."

Tukacheka mpaka wali ukatupalia. Mwanaidi akala. Wote wakala.

Bwana Seif akachungulia mlangoni. "Pundamilia, makreti yanakungoja."

Mwanaidi akalamba vidole, akainuka. "Anaitwa Zuhura. Na kama mkono wake una ubaya, sisi sote tushaula huo ubaya. Basi twende sote tukaoshe."

Wallahi tukatoka. Sikuwa nimepanga hilo. Tukajipanga nje kwenye manyunyu, kila mtu na kreti lake, tukisugua. Ndani pweza wamejaa mezani, barafu inayeyuka, na Bwana Seif kasimama peke yake hajui ashike nini.

Alivumilia kidogo tu.

"Haya, rudini mezani," akasema. Kisha kwa sauti ya chini, "Na wewe, Zuhura."

Hakuomba radhi. Ndiyo maana tumekubaliana Jumamosi tumfuate mwenye banda, tumweleze yote, ili nafasi ya Zuhura mezani isitegemee huruma ya mtu. Mama mmoja wa chama cha wafanyakazi aliwahi kututembelea, akatwambia wazi kwamba sheria haikubali mtu atengwe kazini kwa maradhi, wala adhalilishwe kwa majina. Bwana Seif namwombea pia. Ana binti zake nyumbani.

Habari ya Ijumaa Zuhura hakuigusa, nami sikuuliza. Ila wakati wa kutoka niliona kisu chake kakiacha mezani, ubavuni mwa changu, kama zamani. Tulipofika njia panda akanishika mkono, akaugeuza huku na huku, akautazama vizuri.

"Shangazi, mbona mwiba siuoni?"

Nikamwambia giza linaingia, aende nyumbani.

Kesho mchana ataniuliza tena, namjua. Na mimi nikifunga saumu yangu ya Alhamisi, nani atamega?