Koki ya Jikoni

Nyumba za Walimu,
Mlango wa Tatu,
Jumapili, 12 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Mapengo,

Nitakuita hivyo hata ukiota mvi. Hujambo lakini? Na lile goti, limepona au bado unapanda ngazi kama babu? Sisi wazima. Mama anakula vizuri, anasikia anachotaka kusikia, na jina lako halimtoki mdomoni.

Sasa mwanao. Usishtuke, haumwi. Wiki iliyopita aliitwa kwenye usaili wa chuo cha ufundi. Darasani kwangu ni wa kwanza. Kila ninachoandika ubaoni anacho kichwani neno kwa neno, hata wenzake wanamwita Redio. Sare nilimpigia pasi mwenyewe, nikijua kazi imekwisha.

Wakamuuliza, mashine ikizima ghafla na fundi mkuu hayupo, atafanya nini. Akajibu, "Nitamsubiri mwalimu." Hawakumchukua.

Nimeumia, ndugu yangu. Jibu lile nimempa mimi. Kazi yangu imekuwa kuandika ubaoni na ya wanafunzi kunakili, na anayeuliza jambo lisilo kwenye somo namwambia tusipoteze muda. Huko waendako hakuna wa kuwaandikia. Afadhali wangehangaika sasa nikiwa karibu.

Basi nikaapa kubadilika, nikaanzia nyumbani. Jana koki ya jikoni ilifyatuka, maji yakaruka mpaka darini. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia mwanao leo mimi si mwalimu, atafute njia. Akaziba kwa kitambaa, wapi! Akaleta ndoo, ikajaa. Kisha akatulia, akalifuata bomba kwa macho ukutani, akatoka nje. Nikamfuata. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye koki kubwa inayofunga maji ya nyumba nzima, nami mdomo ukaniponza: "Funga hiyo, zungusha kulia."

Akauondoa mkono. Akanigeukia, akauliza, "Kulia hivi, shangazi?"

Alikuwa amefika mwenyewe, Mapengo. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu, nikashindwa.

Mwakani ataomba tena chuo. Nadhani yeye atakuwa tayari. Sina hakika na mimi.

Msalimie wifi yangu, na wale mapacha wabusu mashavuni. Mama anakutumia dua zake zote. Mungu akulinde na akurudishe kwetu salama.

Dada yako akupendaye,
mwenye mdomo.