Makosa Sifuri

Boke, nimetoka kutetea utafiti wangu mbele ya walimu sasa hivi. Nimekaa kwenye ngazi za maktaba, hata silii.

Si unaijua ile simulesheni yangu ya kompyuta, ya misimbo ya kurekebisha makosa, data ikipita kwa kasi kwenye laini yenye mwingiliano, yaani kelele za mawimbi? Nikawaonyesha: makosa sifuri. Nilikuwa natabasamu, Boke!

Mwalimu Wambura akauliza taratibu, "Mwingiliano umeuwasha?"

Nikaangalia. Umezimwa. Niliuzima mwenyewe nikijaribu programu, sikuurudisha. Miezi saba nimepima laini isiyo na shida yoyote.

Miezi saba!

"Mwingiliano umeuwasha?" Bado namsikia.

Nikampigia mzee wangu kule Buswahili. Si unajua alikuwaga mtu wa redio kwenye kiwanda cha pamba Bunda, miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni? Kila habari aliisema mara tatu, ili ipenye kelele. Leo mtandao unakatakata. Nikasema, "Baba, nimefeli."

"Sijakupata vizuri, mwanangu. Rudia mara tatu."

Nikarudia. Ya tatu mtandao ukawa safi kabisa.

Akasema, "Nimepokea."