Siku Niliyosoma Kifo kwa Mbwembwe

Jumanne, Koboko. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na mimi nimenuna tangu Ijumaa.

Ijumaa meneja wetu mpya wa redio, aliyeletwa kutoka Kampala, alinipa karatasi ya tathmini. Miaka tisa nasoma matangazo ya vifo, saa saba mchana: jina, kijiji, jamaa waliobaki, siku ya maziko. Kuhusu sauti yangu aliandika neno moja la Kiingereza: drab. Chini yake: abadilike au ampishe mwingine.

Nilikuwa silijui. Nikafungua kamusi yangu ya sekondari. Isiyo na rangi, isiyo na mvuto, inayochosha. Pembeni, kwa herufi ndogo, wanaeleza kwamba neno hili ni la kulaumu. Mifano ilikuwa ya gauni na jengo la ofisi. Ya mtu anayesoma majina ya marehemu haikuwapo.

Niliumia. Halafu nikaogopa, maana kazi hii ndiyo inayotulisha mimi na mama yangu.

Kwa hiyo jana nilichangamka.

Niliweka muziki chini ya sauti. Nikasoma kama mtu anayetangaza mpira. Jina la mwanamume mmoja wa Dranya nililitamka kwa mbwembwe, nikalivuta mwishoni. Meneja alininyooshea dole gumba kupitia kioo. Nilifurahi, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi.

Leo alasiri dada wa marehemu amekuja ofisini, miguu imejaa matope. Aliuliza nani alisoma jana, nikasema ni mimi. Akanieleza polepole. Kaka yao mkubwa anabadilisha pesa mpakani Oraba, na simu yake imeharibika, kwa hiyo wakategemea redio. Alisikia muziki, akadhani ni tangazo la sabuni, akaizima. Leo msafiri mmoja amempa habari, akafika kaburi limeshafukiwa.

"Siku yote sisi nasikia wewe, mama," akaniambia. "Sauti yako naanza, watu nanyamaza, najua mutu amekufa. Jana sauti yako hapana kuwa."

Miaka tisa hakuna aliyewahi kuisifu kazi yangu. Sifa imekuja leo, kutoka kwa familia niliyoiharibia maziko.

Kesho saa saba nasoma kwa sauti yangu ileile, bila muziki, jina mara mbili. Barua ya kunifukuza meneja aiandike kwa neno lolote apendalo.

Mama bado sijamwambia.