Simu Niliyoikata na Mashine ya Mwani

Mama yangu wa Paje,

Nakuandikia nimekaa chini kwenye saruji, ubavuni mwa mashine yetu ya kukaushia mwani. Umetutoka miezi minne sasa. Mvua haijakatika tangu Jumatatu na magunia saba yanavunda. Wenzako waling'oa chanja zao za kuanikia kwa sababu uliwaambia, "Mwanangu hawezi kututia hasarani." Kesho walikuwa wakutane waikatae mashine. Hawanitukani. Wanasema tu, "Marehemu alituambia," na mimi natamani ardhi inimeze.

Unakumbuka nilivyokueleza ugonjwa wa mashine hii? Programu inaendesha feni dakika tano, halafu inaomba kulala dakika tano. Kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa niliyoiandika mwenyewe, ndicho kinachotakiwa kuiamsha. Hakiiamshi. Mashine inaganda, haizimiki wala haifanyi kazi. Ulicheka ukasema, "Kama wewe siku za skuli." Kwangu mjini, Malindi, juu ya meza, iliamka kila mara. Ikifika kwenu, inalala. Niliisoma ile mistari mpaka nikaichukia.

Na ile simu. Nilikuwa nimechoka, nikakufokea: nani anaichezea mashine? Ukasema, "Mie hata sijaichezea, mwanangu, nlikuwa tu..." Nikakata. Nikajiambia nitakupigia Ijumaa. Alhamisi tukakuzika.

Leo asubuhi shoga yako Bi Tatu kaja na ndoo yake. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanyoosha mkono akabonyeza vitufe vya saa ya mashine.

"Bi Tatu, unafanya nini?"

"Nnaiweka sawa. Saa tatu hii, yenyewe yasema tisa. Mama'ko ndo alonionyesha. Kila asubuhi twairekebisha."

Kila ikishika mtandao, mashine inarudi kwenye saa ya kizungu. Kila asubuhi mnairudisha nyuma saa sita. Na mimi, msomi wenu, nilikiandika kiini kihesabu usingizi kwa saa hiyo hiyo ya usoni. Programu iliyoomba kuamshwa saa tisa na dakika tano ilikuwa inasubiri saa sita nzima mpaka tisa irudi. Mezani kwangu hakuna aliyeigusa saa. Kosa ni langu, mama, si la mkono wako.

Nimeandika upya mistari minne tu. Sasa kiini kinahesabu dakika tangu mashine ilipowashwa, saa ya usoni iseme itakavyo. Nayo nimeiacha kwenye saa yako ya Kiswahili. Feni zinazunguka, magunia manne huenda yakapona, na Bi Tatu kasema kesho hakuna kikao. Wanapiga vigelegele, mimi nalia, wananishangaa. Nitawaambiaje? Jibu ulikuwa nalo mdomoni, na mimi nilikuwa na haraka.

Mungu akurehemu. Maneno yako ya saa nimeyapata kwa Bi Tatu, lakini kama kulikuwa na mengine baada ya hayo, nitayapata kwa nani? Namba yako sijaifuta. Nimeweka simu sikioni tangu adhuhuri, haiiti.

Sema, mama. Sikati.

Mwanao,
kitindamimba wako