Mjomba wa Kocha

Birrigal
Jumapili, 3 Mei 1987

Dada yangu Lorna,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kifua kimepata nafuu huko Fremantle kwenye hewa ya bahari. Je, binti yako Peggy na watoto wake hawajambo? Sisi huku ni wazima. Beryl goti linamsumbua kila baridi ikianza, lakini bado anauza pai za nyama uwanjani kila Jumamosi, na hakuna anayethubutu kumwambia apumzike. Mvua imenyesha kidogo. Ngano imeota.

Basi, salamu zimetosha. Sasa nikwambie la moyoni.

Jana Dunmorra wametufunga kwa tofauti ya pointi mia na nne. Hata kwa mpira wetu huu wa Kiaustralia, wa bao moja pointi sita, mia na nne, Lorna, na kwetu nyumbani! Robo ya pili haijaisha watu wao walishaacha kupiga honi kwa kila bao, eti betri za magari zitakwisha. Yule mwenye bucha wao, Stan Gorrie, akaja mpaka kwenye dirisha la gari langu, pai ya mke wangu mkononi, akaniuliza, "Clem, hawa wenu wanacheza mpira au wanatafuta funguo zilizopotea majanini?" Nikapandisha kioo. Mimi!

Na kosa ni la nani? Ni la mwanao. Nasema wazi kwa kuwa tumenyonya ziwa moja. Ewan amepewa ukocha, na jambo la kwanza alilofanya ni kumweka Maddock benchi. Maddock, aliyefunga mabao themanini mwaka juzi! Badala yake amewapanga vijana wembamba kama fimbo, mpira ukiwa juu wanautazama tu, utadhani wanahesabu ndege. Baada ya mechi, Gorrie bado yupo anasikia, nikamwambia, "Ewan, mrudishie Maddock nafasi yake." Akanijibu, "Mjomba, Maddock hakimbii." Hakimbii! Akimbie aende wapi? Kazi yake ni kusimama mbele ya milingoti, adake mpira wa juu, kisha afunge.

Shule imefungwa. Benki imefungwa. Treni inapita bila kusimama. Kilichobaki cha kutufanya tuitwe mji ni timu hii. Mwambie mwanao.

Mdogo wako,
Clem


Fremantle
14 Mei 1987

Clem mdogo wangu,

Barua yako imefika, na kabla sijaifungua nilijua imetoka kwako kwa jinsi kalamu ilivyotoboa bahasha. Kifua afadhali. Peggy anakusalimu, na watoto wote wamekuwa warefu. Mpe Beryl pole ya goti, na mwambie akae chini angalau wakati wa mapumziko.

Sasa nisikilize. Nilisimama kando ya uwanja ule nusu ya maisha yangu. Nimefua jezi za timu ile mpaka vidole vikachubuka. Usinifundishe Maddock ni nani. Yale mabao themanini aliyafunga wakati katikati wapo ndugu wawili wa akina Pruitt, wakimletea mpira kama mgonjwa anavyoletewa uji. Akina Pruitt wako wapi leo? Wamefuata kazi Melbourne. Mpira haufiki mbele tena, Clem. Kumsimamisha Maddock pale ni kuweka mlango mahali pasipo na nyumba.

Ewan yuko sahihi, na ungelijua hilo kama ungefunga mdomo kidogo ukafungua macho.

La pili. Wewe ni mjomba wake. Arthur wangu alipofariki, ni wewe uliyemfundisha mtoto yule kupiga mpira kwenye matope. Mjomba akimsema mpwa wake mbele ya mchinjaji wa Dunmorra, wa nje watamwachia nini? Timu ishinde, timu ishindwe, kaa nyuma yake.

Simu usipige. Unafoka mpaka Peggy anasikia jikoni.

Dada yako,
Lorna


Birrigal
Jumapili, 26 Julai 1987

Dada Lorna,

Hujambo? Barua yangu ya Juni hukuijibu. Najua nilitumia maneno makali, lakini sikuandika uongo hata mmoja. Beryl hajambo, ila hasemi nami tangu jana jioni. Nakuandikia mwenyewe kabla wengine hawajakufikishia, maana nawajua, wataongeza chumvi.

Hatujashinda mechi hata moja. Jana tulicheza na Willanook, timu ambayo zamani tukiifunga hatukuona hata haja ya kusherehekea. Robo ya tatu inaisha, tuko nyuma kwa mabao manne. Mabao manne yanarudishika! Wachezaji wakakusanyika katikati, nasi watazamaji tukaingia kumsikiliza kocha kama kawaida. Na Ewan, badala ya kuwapigia kelele, anaongea kama mtu anayebembeleza ng'ombe wa maziwa. "Najua mmechoka. Pasi fupi tu. Msikilizane."

Sikuweza kuvumilia. Nikapaza sauti: "Pasi fupi nini? Mpeni Maddock mpira mrefu, kondoo nyie!"

Akasema, "Mjomba, tafadhali."

"Tafadhali nini? Umeiua timu hii! Baba yako angekuwepo leo angeona aibu!"

Watu wakageuza nyuso. Hata Maddock akatazama chini. Ewan uso ukamwiva. Kisha akanisogelea akanipa ule ubao wake mdogo wa chaki.

"Haya, Mjomba," akasema. "Wafundishe wewe."

Akatoka. Na jezi yake, na viatu vyake vya mpira, mpaka getini, mpaka kwenye lori lake, akaondoka. Yeye mwenyewe ni mchezaji wetu wa katikati, Lorna! Kocha gani anaacha timu yake vitani?

Nikabaki na ubao. Nikamwingiza Maddock, nikawaambia wapige mpira mrefu. Wakapiga. Tukafungwa mabao tisa katika robo ile moja. Maddock aligusa mpira mara moja, kwa sikio, bila kukusudia.

Bado nasema Ewan hakutakiwa kuondoka.

Mdogo wako,
Clem


Fremantle
31 Julai 1987

Clem,

Leo sikuulizi hali.

Glenys, mke wa Ewan, alinipigia simu siku ileile kabla ya wewe kushika kalamu. Kwa hiyo nilikwisha kuyajua. Nilingoja nione kama utaniandikia kwa aibu au kwa majivuno. Nimeona.

Arthur angeona aibu? Unamjua Arthur kunishinda mimi? Arthur alicheza msimu mzima bila timu kushinda mechi, na kila Jumapili alikwenda kurekebisha uzio wa uwanja huku wewe umelala na hasira zako. Jina lake lisitoke tena kinywani mwako ukiwa unamchapa nalo mtoto wake.

Na kwa kuwa wewe ni bingwa wa mpira, nikuulize: wachezaji wa Birrigal wanatoka wapi? Hujawahi kujiuliza kwa nini lori la Ewan Jumamosi asubuhi linaingia uwanjani limejaa watu? Birrigal haina tena vijana kumi na wanane wa kutimiza timu. Saba kati ya wale "kondoo" wanatoka Yarrawin, kwenye mashamba na machimbo ya jasi. Ewan huondoka kwake kabla ya mapambazuko kuwafuata, akacheza, akawafundisha, akatukanwa na mjomba wake, kisha akawarudisha; hata siku ile aliwangoja barabarani. Dunmorra walimwita mara mbili wampe ukocha, na mshahara juu. Mara mbili alikataa. Hakukwambia kwa sababu alijua utakwenda kumfokea Gorrie.

Sasa lori halitakwenda Yarrawin. Jumamosi utaona.

Usiniandikie mpaka umekwenda nyumbani kwake.

Lorna


Birrigal
Jumapili, 9 Agosti 1987

Dada Lorna,

Shikamoo. Nimekwenda nyumbani kwake, ndiyo maana naandika.

Barua yako ilinifikia Jumanne, maji yamekwisha kumwagika. Ile Jumamosi ya tarehe mosi tulikuwa watu kumi na mmoja. Tukasimama kwenye baridi tukitazama barabara, jezi saba zimetundikwa, hakuna wa kuzivaa. Wageni wakapewa ushindi wa bure, wakanywa chai yetu wakaondoka. Yule bwana anayesimamia ligi akaniita pembeni. "Ikitokea tena msimu huu, Clem, tunawafuta. Sheria ni sheria." Nikamwambia maneno ambayo Beryl amenikataza kuyaandika. Nikamtafuta Maddock asaidie kukusanya watu. Maddock anasema mgongo unamuuma, msimu wake umekwisha. Mabao themanini yote yale, na mgongo unamuuma!

Jana ligi ilikuwa mapumzikoni. Nikaenda kwa Ewan. Glenys akanionyesha kwa kidole tu, bila salamu. Nikamkuta chini ya lori, viatu vimetokeza. Basi nikaongea na viatu.

"Ewan."

"Nasikia."

"Timu haina watu."

"Mwulize Maddock."

Nikachuchumaa. Akasema, "Nipe spana, hiyo ndogo." Nikampa. "Siyo hiyo." Nikampa nyingine.

Nikaanza, "Lile neno nililosema juu ya baba yako..."

"Usiliseme tena," akasema, na spana ikasimama. "Sikiliza, Mjomba. Mechi ya mwisho nitaleta timu. Si kwa ajili yako. Ni kwa wale vijana, wamecheza mwaka mzima wakifungwa na hakuna hata mmoja aliyekosa mazoezi. Lakini wewe usikanyage uwanjani. Kaa nje ya geti."

Nje ya geti! Mimi ni mwanachama wa maisha! Nyasi zile nilizipanda kwa mikono yangu! Nikamwambia hivyo, tena kwa sauti ya juu. Viatu vikanijibu, "Basi cheza wewe."

Nikarudi nyumbani nimefura. Nina hasira na ligi, na Maddock, na mwanao, na bado zinabaki nyingine ambazo sijui nimpe nani.

Mdogo wako,
Clem


Birrigal
Jumapili, 16 Agosti 1987

Dada yangu Lorna,

U mzima? Hujanijibu, nami sikulaumu. Beryl ameanza kusema nami, ingawa ni maneno ya "sogea" na "funga mlango".

Jana ilikuwa mechi ya mwisho, na ratiba ikatuletea Dunmorra haohao. Nikaegesha gari nje ya geti. Watu wote wa mji wakapita wakiniona. Wengine walinipungia mkono, wengine wakajifanya wanatazama mawingu. Muda ukaenda. Bwana wa ligi alikuwa kasimama ndani, anatazama saa. Lori halijatokea. Nikaanza kumtukana mwanao kimoyomoyo, kisha kwa sauti.

Halafu nikaliona linakuja na vumbi lake, wamejazana nyuma na mifuko yao. Likanipita bila kupunguza mwendo. Nikawahesabu walivyoruka chini, nikaongeza waliokuwa tayari uwanjani: kumi na wanane, Lorna, na mmoja wa akiba. Bwana wa ligi akarudisha saa mfukoni. Hatufutwi.

Mechi niliisikiliza kwa honi. Magari ya Dunmorra hukaa upande wa ghala la ngano, ya kwetu upande wa barabara. Robo ya kwanza honi zililia zaidi kwetu. Nilidhani masikio yamezeeka. Robo ya tatu bado tunakwenda nao sambamba. King'ora kikalia, nikajua sasa wamekusanyika katikati, na Ewan anawaambia kwa ile sauti yake ya ng'ombe wa maziwa. Nikashika usukani kwa nguvu, nisije nikashuka. Robo ya nne wakatuzidi pumzi. Tumefungwa kwa mabao matano. Mabao matano tu, pointi thelathini, na timu ileile iliyotufunga kwa mia na nne!

Watu wakaanza kutoka. Gorrie akaja dirishani, pai mkononi kama kawaida yake. "Clem, wamekufungia nje kama mbwa aliyeiba kuku? Afadhali hukuona. Yule kocha wenu hawezi hata kuwapeleka kondoo wangu machinjoni."

Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka nimemshika koti na pai iko chini.

"Yule kocha ni mwana wa dada yangu!" nikamwambia, na nadhani huko Fremantle ulisikia. "Ninyi mnanunua wachezaji, yeye anawaokota mashambani kabla ya jua, na wamewatoa jasho hadi robo ya mwisho! Mlimwita mara mbili, akawakataa mara mbili! Sema tena, Stan! Nasema sema tena!"

Akajaribu kujinasua. Lori likasimama nyuma yangu.

"Mjomba! Mwache. Panda."

"Nimekatazwa kuingia," nikamwambia.

"Uwanjani. Hili ni lori."

Nikapanda. Kijana mmoja wa Yarrawin akanisogelea nipate nafasi, matope yamemjaa mpaka nyusi. Tulipowashusha wote tukabaki wawili, Ewan akasema, macho barabarani, "Bado nina hasira, Mjomba."

"Hata mimi," nikasema. "Lakini neno lile la baba yako sikuwa na haki nalo."

"Hukuwa nayo."

Nikamwuliza mwakani nani atawafuata wale vijana.

"Mimi. Nani mwingine?"

"Nitawafuata mimi. Wewe lala, uje uwanjani una nguvu."

"Ni mbali, Mjomba. Tena alfajiri."

"Nimesema nitawafuata!" nikafoka. Akatikisa kichwa, lakini hakukataa.

Mdogo wako,
Clem


Fremantle
24 Agosti 1987

Clem mdogo wangu,

Sisi wazima. Nimemsomea Peggy barua yako, akacheka pale kwenye pai. Mimi sikucheka, bado sijafika huko.

Ewan sikumwambia akusamehe. Hilo ni lake, na litachukua muda wake.

Barabara ya Yarrawin alfajiri ina kangaruu. Washa taa zote, endesha taratibu. Na wale vijana ukishawapakia, Clem, nakuomba kama dada yako: usiwafundishe mpira.

Dada yako,
Lorna